Wanawali wa Dirishani kwa Bi Hester

"Hester, ni kweli unafuga nzi?"

Aliyeuliza ni Birdie Laswell, jirani yangu wa chumba cha mkabala, Jumanne moja ya Desemba. Alisimama mlangoni pangu ameshika kigari chake cha kutembelea kama dereva aliyeshika usukani wa trekta. Wala hakuuliza kwa kunong'ona. Birdie hana mnong'ono. Hapa Maple Bend, nyumba yetu ya wazee, akiuliza jambo upande wa vyumba vya mashariki, wa magharibi huanza kutafuta jibu.

Mimi ni mtu wa kanisa. Tangu nilipomzika mume wangu Everett, miaka kumi na minne sasa, nakumbuka kusema uongo mara moja tu, nilipomsifu mpishi kwa mkate wake wa nyama, na hilo nilishalitubu. Kwa hiyo nikamjibu, "Ni kweli. Ila si wangu. Nimewekewa."

"Umewekewa nzi."

"Ndiyo."

"Watu huwekewa paka, Hester. Huwekewa funguo. Nani huwekewa nzi?"

"Nimewekewa na Tansy," nikasema, na Birdie akafumba macho kama mtu aliyeshikwa na jino.

Tansy Ruckert ni msichana wa chuo kikuu kilichoko maili kumi na mbili kutoka hapa. Baba yake huendesha lori la chakula cha kuku. Alikuwa akija kwetu Jumanne na Alhamisi kujitolea. Wanafunzi wa kujitolea nimewaona wengi. Hukaa nawe, hutazama simu, saa ikitimia hutoa fomu wanataka sahihi. Tansy siku ya kwanza alikaa kwenye meza ya bingo, mchezo wetu wa namba, akamwona mzee Orval Mintz anaiba, na badala ya kumshtaki akamfundisha namna ya kuiba vizuri zaidi. Tangu siku hiyo tukawa wake.

Alitaka kuwa daktari. Mimi niliishia darasa la sita, nikatolewa kwenda kukamua ng'ombe, kwa hiyo nilimwomba anieleze ni kitu gani kinachomkondesha hivyo. Akanieleza. Shule ya udaktari inataka maksi za juu. Inataka pia uwe umefanya utafiti, na profesa wako aandike barua ya kukusifu. Bado inataka uwe umewahudumia watu bila malipo, saa nyingi, na mwenye mahali aweke sahihi. Alikuwa na kalenda yenye rangi: kijani masomo, nyekundu utafiti, buluu sisi wazee. Haikuwa na mahali peupe hata pa kuweka kidole.

"Na kulala?" nilimuuliza.

"Kulala hakujapata rangi, Bi Hester."

Sasa Jumanne hiyo aliingia chumbani kwangu na uso usio wake. Nina miaka themanini na moja. Mtu aliyekuja kuaga namjua kabla hajavua koti. Alikuwa na fomu yake mkono mmoja na mfuko wa kubebea chakula mkono wa pili, akaketi kitandani kwangu.

"Bi Hester, kemia ya kaboni nina C."

"C ni mbaya?"

"Kwa udaktari ni kaburi. Mtihani wa mwisho ni Ijumaa saa nne asubuhi. Nisipoipandisha ikawa B, kamati ya chuo haitanipeleka popote. Na wiki hii hii ndiyo nzi wangu wa utafiti wanatoka. Profesa anataka majike mia moja na hamsini kabla ya Ijumaa adhuhuri, la sivyo jaribio la miezi minne limekufa na barua imekufa nalo. Nimepiga hesabu kila namna. Lazima rangi moja ifutwe."

"Nayo ni buluu," nikasema.

Alitazama soksi zangu akaanza kulia, na mimi nikatazama dirishani ili nisimfuate. Ndipo nikaona mvua imegeuka barafu.

Mvua ya barafu ya kwetu haigongi mlango. Hushuka kama manyunyu, na kila inachokigusa hukivika kioo. Tulipokuwa tukilia na kufuta pua, gari la Tansy kule nje lilikuwa limekwisha kuwa kama andazi lililomwagiwa sukari ya maji. Muuguzi wetu LaDonna akapita akitangaza kwamba barabara zimefungwa, haingii mtu hatoki mtu, labda mpaka Alhamisi jioni. Bwana Hale, mkurugenzi wetu, alikuwa amekwama kwake na amepiga simu kutuombea uvumilivu.

Tansy akatazama gari, akatazama mfuko wake, akaangua kicheko cha ajabu. "Bi Hester," akasema, "mimi nilikuja kuaga, na sasa siwezi kutoka. Na nzi ninao hapa."

Akafungua mfuko. Umeme ulikuwa umekatika maabara, akasema, na profesa aliwaambia wanafunzi kila mtu abebe wadudu wake akawaweke penye joto. Ndani mlikuwa na chupa tano kubwa na vichupa vingi vidogo, vyote vimezibwa kwa pamba. Chini ya kila kimoja palikuwa na uji mzito wa unga wa mahindi, hamira na molasi, ile asali nyeusi ya miwa. Nitasema kweli, ulinukia vizuri kuliko kifungua kinywa chetu. Kwenye kuta za zile chupa kubwa vilikuwa vimebandikana vifukofuko vidogo vya nzi, kama punje za mchele wa kahawia, mamia, vikingoja kupasuka.

Ni nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi iliyoiva. Kazi yenyewe ni hii. Kila nzi anayetoka, kama ni jike, atengwe kabla hajakutana na dume, kwa sababu profesa ndiye atakayewachagulia waume. Na dume la nzi halina subira. Likikaa na jike kwa muda wa saa nane, binti huyo si mwali tena.

"Saa nane!" nikasema. "Everett alinichumbia miaka minne."

"Ndiyo maana inabidi watengwe asubuhi, mchana na jioni," Tansy akasema. "Wakikaa penye ubaridi wakati wa kulala, hutoka polepole, wanaweza kungoja mpaka asubuhi. Dirisha lako lina ubaridi, Bi Hester."

Basi hivyo ndivyo nilivyowekewa. Haikupita nusu saa, Birdie akawa mlangoni na swali lake.

Mnapaswa kumjua Birdie kidogo. Birdie ni mtu wa kanuni. Malalamiko yote yaliyoko kwenye jalada la Bwana Hale, nusu ni mwandiko wake: supu ya vuguvugu, taulo ngumu, mzee Orval anapiga mluzi. Hali kuku, hataki kumwona wala kumnusa, na sababu haisemi. Siku ile alitikisa kichwa mpaka hereni zikagongana.

"Kanuni ya kumi na moja," akasema. "Hakuna mnyama wa aina yoyote vyumbani. Bwana Hale akirudi nitamwambia. Na huyo binti hatasainiwa fomu, na hatatia mguu humu tena."

"Nzi ni mnyama?" nikauliza.

"Ni mmea?"

Akageuza kigari akaenda zake, na mimi na Tansy tukabaki tumekaa tukijua hali ilivyo: akisema, rangi zote tatu zimekwenda kwa mpigo mmoja.

Lakini kazi haingoji. Jumatano baada ya sala zangu za asubuhi tuliketi ukumbi wa kulia, Tansy, mimi na mzee Orval. Orval alikuwa fundi saa miaka hamsini. Mikono yake sasa inatetemeka, hata kijiko kinamwagika, lakini ile lenzi yake ya kubandika jichoni anayo bado, huilaza chini ya mto. Tansy alichota barafu barazani akaijaza kwenye bakuli, akasimamisha chupa humo. Nzi wakasinzia mmoja mmoja, wakaanguka. Akawamwaga kwenye sahani ya baridi.

"Haya, babu Orval. Jike ana mkia uliochongoka, na mistari. Dume mkia wake ni wa mviringo, mweusi, kama amekalia masizi."

Orval akainama na lenzi yake. "Ee! Wana macho mekundu! Mchungaji, hebu tazama, wanafanana na shemeji yangu."

Mchungaji ndiye mimi. Ameniita hivyo tangu nilipokataa kucheza karata Jumapili.

Orval akawa macho na mimi nikawa mikono. "Jike. Jike. Dume. Jike. Huyo dume, mfukuze, tazama anavyojilaza kama amelipa kodi." Nami nikawasukuma kwa brashi ndogo, majike kichupani, madume kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Mungu anisamehe kwa hao madume. Tansy aliketi pembeni na kadi zake za kemia. Mimi niliinua kadi moja kwa mkono wa kushoto, nikamsomea swali bila kuelewa hata neno, yeye akajibu, nikageuza kadi kuona kama amepatia.

"Sivyo," nikasema.

"Sivyo?!"

"Hapa wameandika vingine, mwanangu. Rudia."

Kufikia chakula cha mchana tulikuwa na majike arobaini na mmoja. LaDonna alikuja kumpa Orval dawa ya nyonga, Orval akamwambia, "Nyonga gani? Niache nina wasichana wa kutunza." Wazee wengine walisogeza viti. Kulikuwa na makofi kila tulipotimiza kumi. Hata mpishi alitoka jikoni, na alipoona uji wa molasi akauliza kama ndio tunaousifu kuliko wake.

Lakini jambo moja lilikuwa linanikaa kooni. "Tansy," nikamwita kando, "utamwambia profesa wako ni mikono ya nani iliyofanya kazi hii?"

Akawa mwekundu. "Bi Hester, nikimwambia nimewapa wazee wa Maple Bend..."

"Najua. Anaweza kukataa. Lakini barua ya sifa iliyojengwa juu ya kunyamaza, mimi siishikii kichupa."

Akakunja kadi. Kisha akapiga simu palepale, akafungua kipaza sauti ili wote tusikie. Profesa wake, Daktari Achterberg, ni mama mwenye sauti kavu kama biskuti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wana miaka mingapi hao wasaidizi wako?" akauliza.

"Themanini na moja, na themanini na sita."

"Vizuri, hawatakuwa wanaangalia simu. Andika jina la kila mmoja kwenye kichupa alichojaza. Nzi wakizaa kabla ya harusi, nitajua ni nani amezembea." Akakata.

Tukacheka mpaka Orval akapoteza lenzi ndani ya supu ya maharage.

Kicheko hicho hakikufika alasiri. Tulikuwa tumerudi kazini, na Birdie alikuwa ameketi meza ya pili na fumbo lake la maneno, ametupa mgongo nusu, kwa namna ya mtu anayetaka aonekane hatazami. Nikasukuma nzi mmoja kuelekea kwenye kichupa.

"Hilo ni dume," akasema Birdie bila kuinua kichwa.

"Samahani?"

"Nimesema hilo ni dume."

"Mkia hauna masizi," akasema Orval.

"Limetoka sasa hivi, halijapata rangi. Dume changa ni jeupe kama jike. Na kile kichupa chenu cha asubuhi, kile cha kwanza, kina madume mawili. Nimeyaona tangu saa tatu."

Tansy alikinyanyua kichupa kwenye mwanga, akakisogeza karibu. Kisha akakiweka mezani taratibu. Madume mawili yalikuwa yameshapata weusi wao, yanatembea kati ya majike ishirini kama mabwana harusi. Kichupa kizima kimeharibika. Arobaini na mmoja wetu wakawa kumi na tisa.

"Tangu saa tatu, Birdie?" nikasema. "Umeona tangu saa tatu ukanyamaza?"

"Nilitaka nione Mungu wako atafanya nini."

"Basi amefanya. Amekuweka wewe meza ya pili."

Orval akapiga mluzi. Birdie akaweka kalamu chini. "Wewe umejuaje?" Tansy akamuuliza, na machozi yalikuwa yamemjaa lakini udadisi umeyashinda. "Mimi mwenyewe nimefundishwa muhula mzima na bado wananipita. Umeona kutoka meza ile, bila kioo?"

Birdie alizungusha pete yake. Halafu akasema, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo, "Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kutotolesha vifaranga. Miaka thelathini na mmoja. Kutenga majogoo na mitetea, siku waliyoanguliwa. Unamshika, unamgeuza, unatazama. Elfu moja kwa saa. Nilikuwa nawaona hata nikifumba macho. Siku niliyostaafu niliapa sitatazama tena makalio ya kiumbe chochote maadamu niko hai."

Miaka saba nimekaa naye mlango kwa mlango, na hilo sikulijua. Nikakumbuka sahani zote za kuku alizozisukuma.

"Elfu kwa saa," akasema Orval kwa heshima.

"Elfu na mia moja, nikiwa na hasira."

"Na sasa una hasira?" nikamuuliza.

Birdie alimtazama Tansy, akaitazama ile kalenda yenye rangi iliyokuwa mezani imelowa supu. Akatazama sahani. "Nipisheni," akasema. "Na hiyo brashi ni takataka, inang'oa mbawa. Nendeni chumbani kwangu, droo ya juu, mkaniletee brashi yangu ya nyusi."

Enyi ndugu, niliwahi kumwona mwanamke akikata tambi za mayai kwa kisu bila kutazama, na niliwahi kumwona Everett akifunga nyaya za uzio gizani, lakini sijaona mkono kama ule. Nzi waligawanyika mbele yake kama watu wanaompisha bibi harusi. Hakusema jike wala dume. Alihema tu kwa pua, tik, tik, tik, na sahani ilikuwa tupu. "Mwingine," akasema. Tansy akakimbia kuchota barafu. "Mwingine." LaDonna akakimbia naye. Kufikia chajio tulikuwa tumefika sabini na nane, na mimi nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa mzibaji wa pamba.

Kwa kuwa Birdie hakumhitaji mtu wa kumwonyesha, Orval akahamia kwenye kemia. Tansy alikuwa amekwama mahali pamoja tangu Septemba: kuna vitu, akasema, vimeumbwa kwa chembe zilezile, kwa mpangilio uleule, na bado si kitu kimoja, kwa sababu kimoja ni cha kulia na kingine ni cha kushoto. Hata uvizungushe vipi, kimoja hakikai sawasawa mahali pa kingine.

"Kama glavu," akasema Orval.

"Kila mtu husema kama glavu, babu. Glavu hazinisaidii."

"Basi skrubu." Akatoa kwenye mfuko wa shati kikopo cha dawa ya kikohozi kilichojaa vipande vya saa. Akamtafutia skrubu mbili ndogo kama punje za pilipili. "Zitazame kwa lenzi. Zinafanana?"

"Zinafanana."

"Sasa zungusha hii. Inaingia kwa kulia. Na hii? Ukiilazimisha kulia inavunjika shingo. Ni ya kushoto. Fundi mbumbumbu huivunja siku yake ya kwanza, na mimi niliivunja. Sasa fuata mzingo wa uzi wake kwa jicho, usifuate sura yake."

Tansy alifuata kwa jicho. Akafuata tena. Kisha akaruka kutoka kwenye kiti kwa kelele, mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka akasema "Bingo!" Akachukua kadi kumi na mbili zilizokuwa zimemshinda, akazijibu moja baada ya nyingine akizunguka ukumbi kwa soksi, akizungusha kidole hewani, kulia, kushoto, kulia, na wazee kumi na tisa wakizungusha vidole pamoja naye. Muuguzi wa zamu aliyechungulia mlangoni alidhani tunafanya mazoezi ya viungo, akaandika hivyo kwenye daftari.

Alhamisi ilikuwa sikukuu isiyo na jina. Nzi walitoka kwa wingi, na Birdie alifanya kazi amevaa lulu zake. Mimi nilizoea kuimba nyimbo za kanisani nikiziba vichupa, na ukumbi ukaitikia. Wazee waliomba zamu ya kumuuliza Tansy maswali. Bibi mmoja asiyesikia vizuri alimuuliza swali lilelile mara sita, na mara ya sita hata mpishi alijibu. Jioni tulihesabu: mia moja sitini na tatu. Katika vichupa vya Birdie, Tansy alitafuta dume kwa lenzi kwa saa nzima. Hakuna. Barabara zikafunguliwa wakati wa chajio, lakini Tansy alisema atalala pale hadi asubuhi. Kabla ya saa tatu alikuwa anakoroma kwenye kochi la ukumbini na kadi ya kemia shavuni. Nikachukua kalenda yake, nikaomba kalamu ya zambarau kwa LaDonna, nikaandika kwenye kona: kulala.

Ijumaa asubuhi Tansy alikuwa nje akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Tulikuwa tumevipanga vichupa kwenye kapu la kigari cha Birdie, kwa kuwa ndicho chenye kapu pana, juu yake ametandaza skafu yake ya sufi ili wasipigwe na baridi. Matokeo ya mtihani wake niyaseme sasa hivi nisije nikasahau: alipata B, tena yenye alama ya kujumlisha. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hilo, na mimi nilikuwa nimeomba mpaka magoti yamelia.

Ndipo Bwana Hale akaingia, amevaa viatu vya theluji, anafurahi kutuona tuko hai. Ni mtu mwema, ila anaogopa wakaguzi kama mbuzi aogopavyo maji. Fomu ya Tansy ilikuwa mezani, LaDonna amekwisha kuijaza saa zote.

"Saa hamsini na mbili tangu Jumanne?" akashangaa.

"Hakwenda kwao, bwana," akasema LaDonna. "Na mzee Orval hajaomba dawa ya nyonga siku tatu."

"Nimeponywa na wasichana," akasema Orval.

Bwana Hale akacheka, akatoa kalamu, akaweka sahihi yake ndefu. Wino ulikuwa haujakauka nzi mmoja alipotua juu ya herufi ya H, akajipangusa mikono.

Kalamu ikabaki hewani. Bwana Hale akainama. "Nzi? Desemba? Kwenye barafu?" Akatazama ukumbi mzima, na ukumbi mzima ukatazama dari. Halafu, kama nilivyoogopa, akanigeukia mimi. "Bi Bauman. Wewe huwezi kunidanganya. Kuna nini hapa?"

Kule nje Tansy alikuwa anakwangua, kwaru, kwaru, na saa ya ukutani ilikuwa mbili na dakika hamsini.

"Huyo atakuwa dume aliyetoroka, Bwana Hale," nikasema. "Waliobaki ni majike, mia moja sitini na tatu, wamo kwenye kapu la Birdie. Wote wanawali. Ni wa profesa, wanatakiwa kabla ya adhuhuri."

Akashika kichwa. "Nzi mia moja sitini na tatu kwenye ukumbi wa kulia! Mkaguzi wa afya anakuja saa tano! Hapana. Samahani sana, fomu nimeshasaini na sitaifuta, lakini hao nzi hawabebwi kupitia korido wala jikoni. LaDonna, lete mfuko mweusi. Wafungwe, watiwe kwenye friza, basi." Akamgeukia Birdie kwa sauti ya mtu anayetafuta msaada mahali anapoujua. "Bi Laswell, wewe unazijua kanuni kuliko mimi. Waambie. Kanuni ya kumi na moja inasemaje?"

Sote tukamtazama Birdie. Alikuwa ameketi wima na lulu zake, fumbo la maneno mbele yake, kalamu mkononi. Aliandika herufi ya mwisho kwenye fumbo, akaifunika kalamu. Akasimama, jambo linalomchukua muda. Akaishika skafu, akaichomeka vizuri pande zote nne za kapu, kama mtu anayemfunika mtoto. Kisha akakisukuma kigari chake, akampita Bwana Hale, akampita LaDonna na mfuko wake mweusi, akabonyeza kile kitufe kikubwa cha mlango wa mbele. Mlango ukafunguka, na baridi na mwanga vikaingia pamoja. Tansy akageuka na kikwanguo mkononi, na Birdie Laswell akatoka kumpelekea wanawali wake.